Kabla ya Chai

"Zima hicho kitu, Kashindi! Nimesema zima!"

"Sizimi. Kuna wanafunzi mbele yake. Na punguza sauti, Mama Righa, hapa si sokoni."

"Sokoni mtu huuza vyake. Wewe unamuuza mama yangu."

Walikuwa wamesimama nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, nyuso zimekaribiana kama watu wanaotaka kukwidana. Upande wa pili wa kioo, wanafunzi thelathini wa mwaka wa mwisho walikaa nusu duara katika Ukumbi wa Sauti, mjini Omaha, Nebraska. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka 2083. Katikati yao, juu ya kiti cha mbao, alikaa bibi mmoja wa Kitaita, kitambaa cha buluu kichwani, mikono ameiweka mapajani chini ya kanga. Alikuwa anacheka na mwanafunzi mmoja. Alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita.

Chombo kile kiliitwa taswira-hai. Ukungu mwembamba ulipulizwa kutoka sakafuni, miali ya mwanga ikaupiga kutoka pande nane, na mtu akatokea, mzima, ungeweza kumzunguka ukaona hata mshono wa nguo mgongoni. Alisikia swali na kulijibu kwa sauti yake mwenyewe. Hazina ya Sauti za Amerika ilikuwa nazo elfu mbili na kitu: mkulima wa mahindi wa kabila la Omaha, fundi wa reli aliyetoka Meksiko, mama wa Kihmong na bustani yake ya mboga, mchunga ng'ombe mweusi wa Oklahoma aliyeimba vibaya na hakujali. Watoto waliuliza watu hawa walitoka wapi, walikula nini, walisali vipi, walifanya kazi gani. Ndiyo ilikuwa historia yao, na ndiyo ilikuwa namna yao ya kuchagua kazi.

Sheria ya kwanza ya Hazina ilikuwa fupi: taswira haibuni. Mtambo ungeweza kuyapanga maneno ya marehemu na kuyaoanisha na swali, lakini haukuruhusiwa kuongeza neno ambalo hakulisema. Sheria hiyo aliiandika Mama Righa mwenyewe, Mkawasi, mhandisi wa lugha, mwanamke wa miaka arobaini na tano asiyependa maneno mengi. Tuzo aliyopewa kwa sheria hiyo na kwa simulizi la bibi huyu ilikuwa bado ukutani, nyuma ya kichwa cha Kashindi.

Ndani ya ukumbi, msichana mrefu wa safu ya mbele alisimama. Alikuwa Righa, binti wa Mkawasi.

"Nyanya, kazi ya kufundisha mashine ilikuwaje?"

"Nzuri, mwanangu," ikajibu taswira. "Imenilisha. Imenisomeshea mtoto. Sina neno nayo."

"Umesikia?" Kashindi alisema. "Maneno ni yake. Sikuongeza hata moja."

"Hukuongeza. Ulikata."

"Nilikata nini? Alimaliza, nikazima kinasa."

"Alimaliza? Alikwenda kuleta chai!"

Kashindi Lubunga, mkurugenzi wa Hazina, alikuwa mtu wa Fizi, Kongo, aliyeletwa Amerika akiwa mtoto mgongoni. Alijua vizuri chai ile ilimaanisha nini.

Miaka ishirini nyuma, wote wawili walikuwa wanagenzi. Walipewa kinasa kimoja na juma moja, wailetee Hazina simulizi la kazi, na Mkawasi akaona njia ya mkato ni nyumbani kwao. Mama yake, Bibi Wakio, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili katika kiwanda cha nyama. Kiwandani mikono ya chuma ndiyo iliyokata, lakini ilipaswa kufundishwa, na haikufundishika kwa maneno. Mtu alivaa glavu-neva, glavu zenye sindano nyembamba kuliko unywele, maelfu kwa maelfu, zikasikiliza mishipa ya fahamu ya mkono wake wakati anakata: wapi kisu kinagusa mfupa, wapi kinalegea, wapi kinageuka. Mashine ikajifunza kuhisi. Mvaaji aliitwa mwalimu wa mashine, na jina hilo lilipendwa.

Nyumbani kwa Bibi Wakio mgeni hakutupiwa shida mlangoni. Alisalimiwa, akaulizwa habari za watu wake, akaambiwa mambo ni mazuri. Ndipo chai ikaletwa, na baada ya kikombe cha kwanza watu wakaelezana hali halisi. Mkawasi alikulia humo. Kwa kina Kashindi ilikuwa hivyo hivyo. Lakini walikuwa wametoka chuoni juzi, na chuoni walifundishwa kwamba vikombe vikitokea mahojiano yamekwisha. Basi Bibi Wakio aliposema, "Ngojeni kwanza, chai inakuja, tuzungumze vizuri," Kashindi alizima kinasa na kukunja waya.

Bibi akatoka jikoni amebeba sufuria ya chai inayochemka kwa mikono mitupu. Hakuwa na kitambaa, hakuwa na hata karatasi. Aliiweka mezani polepole, na ngozi ya kidole ikabaki kwenye ukingo. "Hata sisikii," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akawaambia yote, kwa saa mbili: namna ganzi ilivyoanzia kucha ikapanda viwiko, namna alivyoshindwa kufunga kifungo cha shati, namna daktari wa kiwanda alivyomwambia ni uzee, naye alikuwa na miaka hamsini na moja. Kinasa kilikuwa ndani ya mkoba.

"Ungeniambia niwashe," alisema Kashindi sasa. "Mhoji ulikuwa wewe. Mimi nilibeba waya tu."

Hilo lilimchoma Mkawasi kwa sababu lilikuwa kweli. Alitaka simulizi safi la mhamiaji aliyefanikiwa, alitaka kuliwasilisha Ijumaa, na aliliwasilisha. Mama alipofariki mwaka uliofuata, simulizi lile ndilo lililotengenezewa taswira.

"Sikukuambia," alisema. "Ndiyo. Niliiona sufuria ya moto katika mikono mitupu, nikanyamaza. Na sasa nakuambia zima."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Righa aliingia, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama! Unapiga kelele nyuma ya kioo darasa zima likikuona? Mnaonekana kama samaki wanaogombana!"

"Hutatia sahihi ule mkataba wa kiwanda."

"Nitautia. Dawati la kiwanda liko hapo nje, nimeshasafishwa kidole cha kutia sahihi. Nimetimiza miaka kumi na minane Jumanne, si lazima nikuulize." Alinyoosha kidole kuelekea ukumbini. "Miaka mitano, ualimu wa mashine, kazi aliyofanya nyanya. Mwenyewe kasema ni nzuri. Au unabishana na mama yako?"

"Nyanya yako alikufa akiwa hawezi kufunga kifungo cha shati. Glavu zile zilimuua mikono."

Righa alimtazama mama yake, kisha Kashindi, kisha akacheka bila furaha.

"Miaka yote umeniambia alikufa kwa moyo."

"Moyo pia."

"Moyo pia! Leo nimechagua kazi usiyoitaka, ndipo mikono imeanza kuugua. Mbona hukuniambia?"

Mkawasi aliitupia jicho tuzo yake. Angesema nini? Kwamba kila aliyeingia humu aliiona ukutani, naye hakutaka kueleza ilijengwa juu ya nini?

"Kwa sababu niliona aibu," alisema hatimaye. "Aibu yangu ni yangu. Wewe rudi ukamuulize habari za mikono yake."

"Usimsumbue mtoto," alisema Kashindi.

"Mtoto anatia sahihi ya miaka mitano, Kashindi. Mwache aulize swali moja."

Wanafunzi wengine walikuwa wameshatoka kwenda kwenye dawati la kiwanda, ambacho ndicho kilichodhamini somo lile. Righa alisimama peke yake mbele ya kiti. Waliisikia sauti yake kwenye spika, kavu, ya mtu anayetaka kumaliza.

"Nyanya, mikono yako inaendeleaje?"

Taswira iligeuza kichwa upande, kama mtu anayetazama mlango wa jikoni.

"Ngojeni kwanza. Chai inakuja, tuzungumze vizuri."

"Glavu zilikuumiza?"

"Ngojeni kwanza. Chai inakuja, tuzungumze vizuri."

Righa alisogea karibu zaidi. Akainama, akaitazama ile kanga iliyofunika mapaja.

"Nyanya, nionyeshe vidole."

"Ngojeni kwanza. Chai inakuja, tuzungumze vizuri."

Mashine ilikuwa inafanya kazi yake. Kwa swali lisilo na jibu, iliangukia maneno ya mwisho yaliyonaswa. Miaka kumi na minane taswira ile ilikuwa ikiwaambia watoto wa Amerika wangoje chai, na wote walicheka wakidhani ni ukarimu wa bibi wa Kiafrika, wakaandika hivyo kwenye madaftari yao.

Righa alirudi chumbani. Hasira haikuwa imemtoka, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

"Amefika mwisho?"

"Hakufika mwisho," alisema Mkawasi. "Sisi ndio tuliozima."

Righa alimgeukia Kashindi. "Ni kweli, mjomba? Ulikuwepo?"

Kashindi alijikuna shingo. "Nilikuwepo."

"Sufuria? Mikono mitupu?"

"Nani kakuambia habari ya sufuria?"

"Nimewasikia mkibweka nilipokaribia mlango. Nilidhani Mama anatunga."

Kashindi hakukana. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akaanza kusema kwa sauti ya mikutano. Jumatatu somo la Bibi Wakio lingefunguliwa katika shule elfu nne. Angeweka maelezo chini ya picha, mistari miwili, kwamba baadhi ya wafanyakazi waliripoti usumbufu wa kiafya.

"Maelezo ya chini!" Mkawasi alisema. "Wewe mwenyewe husomi maelekezo ya dawa. Mtoto wa shule atasoma?"

"Basi unataka niongeze ushuhuda wako juu ya wake? Taswira haibuni. Nani aliandika hiyo? Mimi?"

"Mimi."

"Basi imekubana. Vumilia."

"Iko nyingine niliyoandika. Kuondoa idhini."

Kashindi akainuka. Kila taswira ilikuwa mali ya ukoo wa marehemu, na warithi wawili wazima, wakibonyeza kidole gumba pamoja, waliweza kuiondoa wakati wowote bila kumweleza mtu sababu. Bibi Wakio alikuwa na mtoto mmoja tu na mjukuu mmoja. Kwa hiyo kwa miaka yote kifungu hicho hakikuweza kutumika kwake, hadi Righa alipokuwa mtu mzima Jumanne.

"Ikifutwa imefutwa," alisema Kashindi. "Hakuna nakala, sheria yako hiyo hiyo. Sauti yake haiko popote tena duniani. Na usijifanye jiwe, Mkawasi. Kila mchana, wenzako wakienda kula, unaingia humo unamwambia hujambo mama, anakujibu, unatoka. Unadhani sijui? Mtambo unaandika kila kitu."

Righa alimtazama mama yake. Mkawasi hakuinamisha uso.

"Ndiyo, naingia. Na kila mara ananiambia mambo mazuri." Alilivuta bamba la idhini kutoka ukutani, akalifungua. "Mama yangu hakuwa tangazo la kiwanda."

"Ukigusa hiyo, huna kazi hapa."

Mkawasi alibonyeza. Mstari mwekundu ukawaka, na maandishi yakatokea: mrithi wa pili.

"Sikulazimishi," alimwambia binti yake. "Kidole ni chako. Mkataba uko kule, hii iko hapa. Ila usije ukasema hukuambiwa."

"Unavyosema, kama vile unaniuzia viatu."

"Sijui kusema vingine."

Kutoka nje, mwanamke wa dawati la kiwanda aliita, sauti tamu: "Righa! Zamu yako, mpenzi!"

"Kawaambie wangoje," Righa alimwambia Kashindi, bila hata kumtazama. Kashindi hakwenda. Righa alikiangalia kidole chake gumba, kilichokuwa bado kinanukia spiriti ya dawati, kisha akainamia kipaza sauti cha mezani.

"Nyanya, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Habari za huko?"

Kitambaa cha buluu, meno mawili ya mbele yaliyoachana, macho yanayongoja jibu. Nyanya huyo hakuwahi kumbeba. Alimjua kwa taswira tu.

"Nzuri," alisema Righa, kwa sababu bado hawakuwa wamekunywa chai.

Akabonyeza.

Miali ilizimika mmoja baada ya mwingine. Ukungu ulibaki kitambo umeshika umbo la mabega, kisha ukashuka sakafuni, na kiti nacho kikaenda nao, maana hata kiti kilikuwa mwanga. Kashindi alitukana kwa Kibembe, lugha ya kwao. Mkawasi alivua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya bamba la idhini, akamshika binti yake kiwiko, na wakalipita dawati la kiwanda bila kupunguza mwendo.

"Nyumbani kuna majani ya chai?" Righa aliuliza.

"Yapo. Utakaa, utakunywa, na utanisikiliza mpaka mwisho."