Kiraka Chini ya Bitana

Jua lilikuwa limeshuka karibu kugusa mbuga Wilkister alipotoka kuanua nguo. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka wa 2003, na upepo wa Kitengela ulikuwa umevuma tangu asubuhi, ukizoa vumbi la barabarani na kulipaka kwenye kila alichofua. Alianua sare za shule za Valerie. Akaanua mashati ya mumewe, Obura, na vitambaa vya makochi alivyofuma mwenyewe kwa kulabu. Blanketi aliliacha mwisho. Hakutaka kuligusa.

Lilikuwa blanketi la viraka, kazi ya mama mkwe wake, Yunia, aliyezikwa Ugenya mwezi wa sita. Kila mwanamke aliyeolewa katika boma lile alitoa kipande cha nguo yake, na Yunia akakishona humo kwa mkono. Kulikuwa na kiraka cha mke wa mtoto wa kwanza, na cha mke wa mtoto wa pili. Kulikuwa hata na cha yule msichana aliyekaa miezi minne tu, akafunga virago akaenda zake.

Wilkister alikuwa ameolewa miaka kumi na moja. Hakuwahi kuombwa hata uzi.

Alipouliza, Yunia alimwambia angoje, zamu yake itafika. Alipouliza tena alijibiwa vile vile. Hakuuliza mara ya tatu. Aliliweka moyoni, na huko moyoni likachacha.

Sasa mama mzee amekufa, na blanketi amemwachia nani? Valerie. Mtoto wa miaka saba. Obura alilileta kutoka matangani ndani ya gunia, na kwa miezi miwili Wilkister alikataa lisitandikwe popote ndani ya nyumba yake. Ni baridi iliyomshinda. Asubuhi hiyo alilitumbukiza kwenye karai na kulisugua kama sufuria iliyoungua.

Aliponyoosha mkono kutoa vibanio, upepo ulilipiga kwa nguvu. Bitana yake ilikuwa ya kitambaa cha magunia ya unga, na kule kusugua kulikuwa kumeachanisha mshono wa pembeni. Upepo ukaingia ndani, ukaibinua bitana yote.

Wilkister akasimama.

Ndani kule, mahali ambapo hakuna jicho lingefika, kulikuwa na kiraka cha ukubwa wa sahani. Buluu. Maua madogo meupe.

Gauni lake.

Alilijua kama anavyojua kiganja chake. Mama yake mzazi ndiye aliyelishona. Lilipotea Krismasi ya mwaka 1994, walipokwenda nyumbani Ugenya, na yeye alikuwa ametoka kupoteza mimba ya pili. Alilitafuta boma zima. Yunia mwenyewe alimsaidia kutafuta, akiinua mikeka, akimwambia pole, binti yangu, watoto wa siku hizi wana mikono mirefu. Mwaka uliofuata Valerie akazaliwa. Na baada ya Valerie... kimya. Miaka saba, karibu minane. Madaktari walimpima wakasema hana shida yoyote.

"Alinifunga," Wilkister alisema peke yake pale kwenye kamba. "Huyu mama alinifunga."

Obura alikuwa jikoni akipigilia rafu ya vyombo ukutani. Mkewe alipomtupia blanketi miguuni, aliliangalia, akaweka nyundo chini taratibu. Kule kuiweka taratibu kulimwambia Wilkister kwamba mume wake alikuwa na jambo.

"Hii ni nini, Baba Valerie?"

"Mama alisema tu lisifumuliwe."

"Nimekuuliza hii ni nini."

"Sijui. Alisema mahali alipofunga pasifunguliwe. Sikuuliza."

"Hukuuliza," Wilkister alisema. "Miaka yote hiyo nikilia kitandani kwetu, hukuuliza."

Alichukua makasi kwenye kopo la vifaa vya kushonea, akatoka nje. Karibu na mlango jiko la makaa lilikuwa limeshika vizuri kwa ajili ya ugali. Akakaa kwenye kigoda, kando ya benchi, akalaza blanketi mapajani, akaanza kukata.

Krr...

Uzi haukukatika kirahisi. Ulikuwa mgumu, mwembamba, unateleza.

Krr... krr...

Akasikia harufu. Moshi wa kuni na ugoro. Yeye hajawahi kupikia kuni tangu ahamie Kitengela, na ugoro hakuna aliyevuta hapo. Ilikuwa harufu ya shingo ya Yunia, ile ya siku za kukumbatiana kwa salamu. Wilkister alikunja pua, akazidi kukata.

Katoo, yule mzee wa makamo aliyewaletea maziwa kila jioni, alifika akisukuma baiskeli. Hakumjua Yunia, kwa maana Yunia hakuwahi kukanyaga Kitengela. Alimsalimu Wilkister, akamimina maziwa kwenye jagi. Kisha akageukia lile benchi, akainamisha kichwa kidogo.

"Takwenya, koko."

Miaka sita kati ya Wamaasai ilikuwa imemfundisha Wilkister salamu hiyo. Ndivyo mwanamke anavyosalimiwa. Na koko ni nyanya.

Benchi lilikuwa tupu.

Katoo alingoja, kisha akainamisha kichwa tena kama mtu aliyeitikiwa. Akamuuliza Wilkister kwa sauti ya chini, "Nyanya wenu amekuja lini?"

"Nyanya gani?"

Katoo aliangalia benchi. Akamwangalia Wilkister. Akaangalia makasi. Aligeuza baiskeli, akaisukuma mpaka barabarani bila kuipanda, na bila kugeuka nyuma.

Hapo ndipo mtu mwingine angeacha. Lakini hasira iliyolala miaka kumi na moja haisikii kitu ikiamka. Wilkister alikata uzi wa mwisho, akakikunja kile kiraka, akakitupa kwenye makaa.

Ndani ya nyumba, sahani zilianguka.

Valerie alikuwa akipanga meza. Walimkuta chali sakafuni, macho wazi, midomo imekuwa kama majivu. Obura alimshika. Mtoto alikuwa baridi. Si baridi ya homa. Baridi ya maji ya kisima, ile inayouma mifupa. Wakamfunga kwa lile blanketi, kwa sababu Wilkister alikuwa ameingia nalo mkononi, na Obura akatoka mbio naye. Wilkister alikuwa mlangoni alipogeuka akarudi kwenye jiko. Alitia vidole kwenye makaa, akachomoa kiraka. Hata baadaye hakuweza kueleza kwa nini alifanya hivyo. Nusu yake ilikuwa imekwisha.

Kliniki ilikuwa nyumba ya tano. Muuguzi alimpima Valerie malaria, hakuona. Alimpima damu, ikawa sawa. Lakini moyo ulipiga polepole mno, na chupa za maji moto walizomzungushia zilipoa kama zimewekwa nje. Muuguzi akasema huyu lazima apelekwe hospitali kubwa sasa hivi. Obura akakimbia kutafuta gari.

Duka la Mbeke, fundi wa nguo, liligusana ukuta na kliniki. Alisikia kilio, akaja na futi ya kupimia ingali shingoni. Wilkister alimweleza kwa maneno machache. Mbeke aliinama juu ya mtoto. Alichukua ile pembe ya blanketi, akavuta kipande cha uzi kilichobaki kwenye matundu, akakiinua kwenye balbu.

"Mama Valerie, hii si uzi."

Zilikuwa nywele. Nyeupe, zimesokotwa mbili mbili.

"Mtu akitaka kukufunga anatafuta nywele zako," Mbeke alinong'ona. "Hizi ni za nani?"

Wilkister alizijua. Mbeke akasema kwamba mwenye kushona kwa nywele zake mwenyewe amejitia yeye kwenye fundo. Amejitia kwa nini, na kwa nani, hilo hakutaka hata kulibahatisha. Akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake.

"Rudisha. Mimi si wa boma lenu, siwezi."

Wilkister alitia uzi wa kawaida. Ukakatika. Akatia mwingine, ukakatika. Wa tatu ulikatika kabla haujapita kitambaa. Ndipo alipofumua matuta ya nywele zake kwa vidole vilivyoungua, akang'oa nywele kwa hasira, akazisokota mbili mbili. Alitandaza pembe ya blanketi juu ya kifua cha mtoto, akaweka juu yake ile nusu ya kiraka, akasukuma sindano chini.

Kabla hajapeleka mkono wa pili chini kuipokea, sindano ilipanda.

Yenyewe.

Ilitokeza umbali wa punje moja ya mchele, ikangoja.

Akainua blanketi. Chini yake kulikuwa na kifua cha Valerie tu, na mikono yake miwili imelala ubavuni. Mbeke alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Wilkister akashusha blanketi. Akaivuta sindano, akaisukuma chini. Ikapanda. Akaisukuma. Ikapanda. Ndivyo wanawake wawili wanavyoshona kitu kizito, mmoja juu, mmoja chini. Na ile harufu ya moshi ilikuwa imejaa chumba.

Aliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya kuogopa alikuwa amekasirika, na akashona akisema kwa meno yaliyobanwa.

"Ungeniambia. Ulinisaidia kulitafuta na uko nalo. Ulinikalisha kama mgeni mbele ya wake wengine wa boma. Kama ni ubaya, ungenifanyia mchana. Kama ni wema, ungeniambia, mama. Ungeniambia tu."

Sindano ilikuwa chini. Ikakawia huko.

Ikakawia...

Kisha ikapanda polepole, kama mtu aliyesikia yote, akaamua kutojibu.

Mshono wa mwisho ulipofika, Wilkister alipiga fundo juu. Alipopapasa chini akakuta fundo jingine tayari, dogo, limekazwa. Hakulipiga yeye. Gari aliloleta Obura lilipopiga honi nje, Valerie alikuwa amefumba macho akayafumbua tena, akaomba maji ya kunywa. Mashavu yalikuwa na joto.

Obura alisema alichokuwa nacho juma moja baadaye, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, machozi yanamtoka. Krismasi ile gauni lilipopotea, mama yake alimwita pembeni, akamwambia, "Mmoja nimempatia. Mmoja atatosha." Basi. Hakufafanua. Kama alimaanisha kwamba alihangaika akapata mmoja tu, au kwamba yeye ndiye aliyeamua kuwe na mmoja tu, Obura hakujua. Tangu mwaka ule Yunia alianza kuugua miguu, na hakupona mpaka kaburini.

Wilkister alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akabeba mto wake, akaenda kulala chumba cha Valerie miezi miwili. Alimwambia mumewe kwamba mama yake amekwisha kufa, hawezi kumuuliza, lakini yeye alikuwa hai muda wote huo, na alikuwa na mdomo. Walikuja kurudiana, kwa taratibu, bila maneno mengi.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, Wilkister alitoka kupimwa katika kliniki ile ile. Hakumwambia Obura. Hakumwambia Mbeke. Alirudi nyumbani mchana, nyumba iko kimya, mtoto yuko shule, akakaa kitandani akiwa na karatasi mkononi. Mimba ya wiki tisa.

Hakuwa na furaha, na hilo lilimkasirisha kuliko yote. Nusu ya kiraka ilikuwa imeungua na nusu ilikuwa imeshonwa. Alichofungua hakukijua. Alichofunga pia hakukijua. Valerie alikuwa mzima, anaruka kamba, anagombana na wenzake. Na huyu je?

Alilivuta blanketi, akalilaza mapajani.

"Huyu utaniambia," alisema. Hakupaza sauti. "Safari hii utaniambia mapema."

Nje upepo ulikuwa umetulia. Hakuna kilichosogea chumbani.

Kisha, chini ya blanketi, kitu baridi kilimgusa. Kikajilaza juu ya tumbo lake, kipana, kama kiganja. Hakikubonyeza. Kilitulia tu, kama mtu anayesikiliza na bado hajaamua.

Wilkister hakukiondoa. Alikaa akilikodolea macho lile blanketi, taya amelibana, akingoja.