Kitambaa Chekundu cha Rasi

Maiti ililala kifudifudi kati ya majabali mawili, chini kabisa ya rasi. Kila wimbi lililopasuka liliuinua mkono wake mmoja, kana kwamba bado ana la kusema.

"Ameteleza," alisema koplo, akihema. Tumbo lake halikupatana na miinuko. "Mkuu wa kituo anataka faili lifungwe leo, afande. Wageni waliomwona kutoka ufukweni wameanza kufungasha."

Inspekta alichuchumaa, akalikagua shati la marehemu. Vifungo viwili vya juu vilikuwa vimeng'oka pamoja na kitambaa.

"Kuteleza hung'oa vifungo, koplo?"

"Majabali ya huku hayana adabu, afande."

Marehemu walimwita Sauti, maana koo lake lilishinda mawimbi. Yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, ndio pekee waliotembeza wageni kwenye rasi hii, miaka nenda miaka rudi. Mtu kama huyo kuteleza tu? Inspekta hakuamini.

"Wewe ulipitaje kushuka huku?"

"Nilifungua mnyororo ulioziba njia. Ulikuwa na kitambaa chekundu. Fundo lake limekaza mpaka ukucha umenikatika!"

Inspekta alisimama taratibu. "Tupande juu."

Nje ya kibanda cha tiketi, mjane alikuwa akilia begani kwa kaka yake. Kaka alimpapasa mgongo, macho yake yakiwa makavu kama changarawe.

"Shemeji wa marehemu, njoo ndani mara moja."

Aliketi chini ya kamba na makoti ya kuokolea yaliyoning'inia ukutani. Inspekta alibaki amesimama mlangoni.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Nani alikuona?"

"Naishi peke yangu, afande."

"Sawa. Nifundishe kazi yenu. Kile kitambaa chekundu ni cha nini?"

Mabega ya shemeji yalilegea, swali hili alilipenda. "Kinaonya kuwa rasi imefungwa. Hakuna mtu huko, na asiende mtu."

"Nani hukifunga?"

"Anayetoka wa mwisho. Ukiwa bado uko majabalini, mnyororo unalala chini, ili mwenzako ajue kuna mtu. Hiyo ndiyo sheria yetu, hatuivunji."

"Sauti hakutoka."

Shemeji alitupia macho mlangoni.

"Hakutoka," Inspekta alirudia, "na asubuhi mnyororo ulikuwa juu, kitambaa kimekazwa. Nani alitoka wa mwisho?"

Jasho lilimchuruzika mwanamume kutoka utosini hadi kidevuni, asilifute.

"Watu wanaojua kufunga kile kitambaa ni wawili. Mmoja yuko kwenye machela."

"Alikuwa na binti yangu," alisema ghafla, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Nani?"

"Sauti. Mwaka jana alimleta kucheza hapa kibandani. Akatoka wa mwisho, akauacha mnyororo chini. Mtoto akafuata kaa majabalini, wimbi likamzoa. Sauti akaapa mbele ya ukoo mzima kuwa niliyeuacha ni mimi. Mke wangu akaamini mimi ndiye muuaji, akaondoka. Hata mimi nilianza kuamini hivyo."

"Na jana?"

"Jana tulibaki wawili tu kule nchani mwa rasi. Akaniambia, 'Shemeji, siku ile nilisahau mimi. Ila mwaka mzima umepita, bado unanuna tu?' Akacheka, afande! Nikamkwida shati. Nikamsukuma."

Nje, kilio cha dada yake kilipanda, kikashuka.

Koplo alitoa pingu. Mtuhumiwa alinyoosha mikono bila kuambiwa.

"Ungeuacha mnyororo chini," alisema Inspekta, "ningeandika ajali, nikaenda zangu."

Mtuhumiwa alimtazama kama aliyeulizwa jambo la aibu. "Niuache chini? Asubuhi wanakuja watu na watoto wao!"

Walimtoa. Dada yake aliziona pingu kwanza, kisha uso wa kaka yake, akarudi nyuma hatua moja. Walipofika kwenye njia ya rasi, mtuhumiwa aligoma kusonga. Koplo akamvuta. Hakuvutika.

"Afande," alisema, akionyesha kwa kidevu, "mtu wako hakuurudisha."

Mnyororo ulilala mchangani, kitambaa chekundu kando yake. Inspekta alirudi, akautundika, akakifunga kitambaa.

"Kaza," alisema mtuhumiwa.

Akakaza.