Kisa cha Mlinzi Aliyesinzia

Kila Jumamosi, Sindano na Kinanda walipiga pasi majoho ya kwaya katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani. Kinanda alipewa jina lake kwa sauti yake nzuri. Askofu alipotarajiwa kuja, yeye ndiye aliyechaguliwa kuimba peke yake.

Jumamosi moja Kinanda alitoka kuchota maji. Sindano akachungulia dirishani kutazama mpira. Aliposhtuliwa na harufu ya kuungua, joho la mwalimu wa kwaya lilikuwa tayari lina alama ya kahawia mgongoni. Alilikunja haraka, akalichomeka katikati ya majoho aliyoyapiga pasi Kinanda.

Kesho yake mwalimu wa kwaya alilikunjua.

"Kinanda, hili si limetoka kwako?"

"Ndiyo, Mwalimu, lakini..."

"Lakini nini? Pasi imetembea yenyewe? Askofu akija Jumapili ijayo, ataimba mwingine."

Njiani Kinanda alisema kwa unyonge, "Labda ni mimi kweli. Huwa naimba mpaka najisahau."

Sindano alitazama chini. Jioni mama yake alimwuliza, "Una nini wewe? Unakitazama chakula kama hamjuani."

"Tumbo tu, mama."

Siku zilisogea, na Jumapili ya askofu ilikaribia. Kila Sindano alipotaka kusema, alijiona amefukuzwa kwaya, watu wote wakimnong'ona.

Jumatano walikuwa na darasa la kipaimara. Katekista wao, mama mmoja mpole, alikuwa na tabia iliyowaudhi wanafunzi: hakumaliza visa vyake. Akifika penye utamu, alinyamaza na kuwaachia wao mwisho.

"Mlinzi mmoja alisinzia zamuni," alisema siku hiyo. "Mbuzi wakaingia wakala miche yote ya bustani. Asubuhi tajiri akamfokea mtunza bustani kwamba hakufunga lango. Mlinzi alisimama palepale, kimya. Haya, mnasemaje?"

Sindano, kama kawaida yake, alitangulia kunyoosha mkono. "Huyo mlinzi hana haya, Mwalimu. Mwenzake anafokewa, naye kafunga mdomo? Aende akaseme leo leo."

"Na akiogopa?"

"Aogope huku anakwenda."

Darasa lilicheka. Sindano alianza kucheka pia, kisha akakatisha kicheko. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe.

Wenzake walipotoka, alibaki. "Mwalimu, nani amekuambia?"

"Ameniambia nini, mwanangu?"

Sindano akaangua kilio, akaeleza yote. Katekista alimsikiliza bila kumkatiza.

"Sikujua lolote," alisema. "Kisa hicho hukieleza kila mwaka. Sasa kwaya ipo mazoezini. Nitakusindikiza hadi mlangoni, lakini utaingia mwenyewe."

Sindano aliingia. Wimbo ulikatika.

"Joho nililichoma mimi," alisema. "Nikamwekea Kinanda."

Mwalimu wa kwaya alivua miwani. Kisha alimgeukia Kinanda na kumwomba radhi mbele ya wote, akamrudishia wimbo wake. Sindano aliambiwa akae benchi siku ya askofu, na joho alitengeneze mwenyewe, mama yake akimwelekeza.

"Umenifanya nijishuku bure," Kinanda alimwambia kwa hasira. Alifika mlangoni, akageuka. "Jumamosi njoo. Lakini pasi nashika mimi."

Nje, katekista alimpangusa Sindano machozi. "Ningekunyooshea kidole, ungefanya nini?"

"Ningekataa, Mwalimu."

"Wengi wetu tungekataa. Ndiyo maana Yesu alifundisha kwa mifano, akazungumza habari za mbegu, za kondoo, za mwana aliyeondoka nyumbani. Mtu akisikia habari za mwingine hajikingi. Huhukumu kwa haki, kisha anajikuta yumo ndani. Ukweli wa Mungu humfikia bila kumvunja. Lakini kuuona hakutoshi, mwanangu. Wengi huuona, wakaenda zao. Wewe umeutii huku unaogopa, na mwenzako ataimba."