Pete Katika Bakuli la Hina

Pete ya mama wa Kizungu ilipatikana saa nane na dakika kumi, Machi 1984, chini kabisa ya bakuli la hina la Mwanatumu, mchora hina wa kisiwani. Saa kumi meli ya watalii ingeng'oa nanga, na mwenye kisiwa alitaka mwizi atiwe pingu kabla wageni hawajapanda. Bakuli la Mwanatumu, basi mwizi Mwanatumu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi.

Koplo Abdulhalim, aliyeletwa kwa boti kutoka Kilifi, hakuwa na haraka hiyo.

Mgeni aliivua pete saa tano ili apakwe hina, akaiweka mkekani. Waliokuwa karibu ni watatu: Mwanatumu mwenyewe, Kaingu wa madafu, na Mahfudha muuza kanga.

"Nionyesheni mikono."

Ya Kaingu ilikuwa na sugu tu. Ya Mwanatumu ilikuwa safi hadi vidoleni.

"Mimi huchora kwa kijiti, afande. Sijichafui."

Mahfudha alitoa wa kushoto. Koplo akauomba na wa kulia. Ncha za vidole vitatu zilikuwa na rangi ya papai bivu, na kucha zake hivyo hivyo, hadi kwenye shina.

"Hina ya lini hii, bibi?"

"Arusi ya mpwa wangu. Wiki mbili sasa."

Alijibu bila wasiwasi. Mtu wa pingu na virungu atajua nini juu ya hina?

"Nimewaoza mabinti watatu," Koplo akasema taratibu. "Kucha huota, bibi. Hina ya wiki mbili ingeacha ukingo mweupe kwenye shina. Hii ni ya leo. Uliizamisha pete kwa vidole hivi."

Mahfudha aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Mimi ndiye somo yake," akasema. "Nilimfunza tangu kushika kijiti. Miaka sita wageni walikuwa wangu. Siku aliyokuja yeye, nikapewa kanga niuze. Kila meli nakaa pale nikiwasikia wakimsifu. Wivu umenila, afande. Nilitaka afukuzwe, basi."

Mwanatumu alikuwa analia. "Somo, ungeniambia tu. Ningekuachia mahali pako."

"Najua ungeniachia," Mahfudha akajibu, akimnyooshea Koplo mikono yote miwili. "Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote."