Sauti ya Somo la Kwanza

"Usinitanie, kaka! Sauti hiyo ni yako."

"Yangu? Mimi nakwaruza hivyo?"

Yalimkuta rafiki yangu, aliyekuwa akitengeneza na kaka yake programu ya simu ya akili bandia ya kujizoeza kuzungumza Kiingereza. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo, lakini kila jioni walikuta sauti imejirekodi, ikirudia sentensi ileile ya somo la kwanza. Mwanzoni ilikoroma tu. Sasa maneno yalisikika.

Umeme ukakatika. Wazazi walikuwa safarini, na mlango ulikuwa umerudishwa tu, bila komeo. Gizani programu ikasema yenyewe kwenye simu, kama inavyomsifu mwanafunzi aliyemaliza somo: "Vizuri sana. Umefaulu."



Mlango ukagongwa taratibu, na sauti ileile iliyokuwa ikijirekodi ikauliza sentensi ya somo la kwanza, kwa Kiingereza kilichonyooka: "Samahani, naweza kuingia?"