Mstari Alioruka Lesieli

Kila Jumamosi Lesieli alifagia ua, kisha akakuna nazi za chakula cha Jumapili. Asubuhi hii aliongezewa kazi: kuandika namba ya mzigo kwenye vifurushi sita vya ngatu, nguo za magome ambazo kina mama wa kijiji cha Kolovai walizigonga na kuzipaka rangi mwaka mzima. Zilikuwa zinakwenda Auckland, New Zealand, kwa meli, zikatandikwe kaburini kwa babu yake siku ya kufunua jiwe la kaburi, wiki mbili zijazo. Shangazi Kalolaine, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa ameapa kwamba baba yake hatatandikiwa vitu vya dukani.

"Andika basi, profesa," mama yake alimtania. "Au Kiingereza kimekuishia?"

Lesieli akaikunjua hati ya Kiingereza aliyoituma wakala wa meli. Jicho likakwama chini ya tarehe ya meli.

Jumatano Shangazi alipomwambia aisome, aliona meli inaondoka Jumatatu, akatangaza, "Jumatatu!" Chini yake palikuwa na mstari asiouelewa, akauruka. Watu wazima walikuwa wanamtazama, na kuitwa profesa kulimnogea. Sasa aliusoma neno kwa neno: mwisho wa kupokea mzigo, Jumamosi, saa sita mchana.

Jumamosi yenyewe ni leo, na saa nne ilikwishapita. Kesho Jumapili, Tonga nzima haifanyi kazi. Meli nyingine ingekuja baada ya wiki tatu.

Angeweza kunyamaza. Jumatatu wangekataliwa getini, na lawama zingemwangukia wakala. Tena katika nyumba ile hata baba yake alishusha sauti mbele ya Shangazi. Lesieli aliogopa, lakini akamwendea.

"Shangazi, nilikosea. Mwisho ni leo, saa sita. Kuna mstari sikuuelewa, nikajifanya nimeuelewa."

Kina mama wakaacha kazi. Shangazi akasimama.

"Semisi!" akaita. "Lete gari! Na nyinyi mnashangaa nini? Fungeni kamba!"

Mjomba Semisi aliendesha kwa kasi, wanawake wanne wakiwa nyuma wamevilalia vifurushi visiruke. Walifika bandarini saa sita kasoro dakika kumi. Karani alilinganisha namba, akagonga mhuri.

"Mama, siku ya meli si siku ya mzigo," alisema. "Lazima kontena lifungwe na kukaguliwa kwanza. Mngechelewa kidogo tu, ningewarudisha."

Nje ya ofisi Lesieli alianza kulia.

"Nyamaza, mwanangu," Shangazi alisema. "Kutojua si kosa. Kosa ni kuficha. Na mimi nimo humo humo. Hati ile sikuielewa hata kidogo, nikaona haya kuuliza, nikakutwika wewe mzigo wangu. Asiyesema 'sijui' huwaponza wenzake wote."

Akampa risiti ya mzigo. "Nisomee. Polepole."

Lesieli akasoma jina la meli, safari, idadi ya vifurushi. Kwenye mstari wa tano akasimama.

"Huu siujui, Shangazi."

"Hata mimi," alisema Shangazi Kalolaine. Akamshika mkono, wakarudi pamoja dirishani kwa karani.