Ufunguo Shingoni mwa Msa

Ah, unauliza nimelijulia wapi neno lile, mimi niliyeishia darasa la pili? Minnislykill. Nimelipata humu humu nyumbani, hapa Andoany.

Mwaka ule tulimpangisha chumba Sigrún, mama wa Aislandi, kisiwa cha baridi huko kaskazini. Alikuja hapa kisiwani kwetu Nosy Be kupima kasa. Dada yako Mariama, miaka kumi na mmoja, alimpelekea chai kila asubuhi. Siku moja akaokota chini ya meza flashi, kidude kama kifundo cha kidole. Akakificha ndani ya foronya. Alitaka shoga yake amtilie nyimbo.

Bibi yako Zaïtoun akakiona akitandika. Akadhani hirizi. Akakishonea kitambaa cheusi, akamvisha Msa, mjukuu wetu mchanga. Mariama akaona, akanyamaza.

Siku tatu Sigrún alitafuta, hata kwenye taka. Siku ya nne, ya kuondoka, wali umepakuliwa, mgeni haji. Nikamtuma Mariama amwite. Akarudi peke yake.

“Babu, analia. Sauti ya marehemu babake imo mle, na hana nyingine.”

“Mle wapi?”

“Shingoni mwa Msa. Ile si hirizi, Babu. Nilichukua mimi.”

“Mbona tangu nimvishe analala vizuri?” bibi yako akasema.

Nikakata uzi. Mariama akakipeleka mwenyewe, akakiri kwa Kifaransa chake cha shule. Sigrún akakichomeka kwenye kompyuta. Sauti ya mzee ikatoka humo, anaita kondoo wake, alivyotuambia Sigrún. Sikuelewa neno, lakini mwili ulinisisimka. Mimi mwaka sabini na saba nilikimbia mauaji ya watu wetu mtaani Mangarivotra, kule Mahajanga, bila hata picha ya mama.

Nikauliza, kidude hiki kwenu chaitwaje? Mariama akanitafsiria. Minni ni kumbukumbu, lykill ni ufunguo, na ile s ya katikati ni kama “wa” yetu. Ufunguo wa kumbukumbu. Kitu kipya kimewafikia, wao wakachukua maneno ya kale ya bibi zao, wakayaunga.

Halafu nikasema, “Mariama, ukichukua cha mtu hujui umechukua nini. Wewe uliona plastiki, kumbe ni baba wa mtu. Lakini umesema mwenyewe, naye hajaondoka. Ukweli uliochelewa ni mzito, ila ubebe hivyo hivyo.”

“Sogeeni basi,” bibi yako akasema, “wali umepoa.”

Sigrún akafuta macho, akakaa mkekani karibu na Mariama. Tukala.